Nimefeli mkanda mweusi mara mbili, na niliyemfundisha kufunga mkanda amenipita

BARUA

Shikamoo mama,

Nakusoma siku nyingi, ila sikutegemea kwamba ipo siku nami nitakuandikia. Nina miaka 40, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina mume na watoto watatu. Tatizo langu si ndoa wala mkopo wa kausha damu, mambo niliyozoea kuyasoma kwako. Ni karate. Usicheke.

Nilianza 2019. Nilikuwa nampeleka mwanangu wa pili mazoezini, nakaa kwenye benchi namsubiri huku nasahihisha madaftari, hadi siku moja sensei, yaani mwalimu wa karate, akaniambia, "Mwalimu, benchi halitoi mkanda." Mwanangu aliacha baada ya miezi minne akahamia mpira. Mimi nikabaki. Mwaka mzima wa kwanza nilikuwa mama peke yangu mle ndani. Waliobaki ni vijana wa sekondari na madereva bodaboda wawili.

Sijui nikueleze vipi karate ilivyonifaa. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kuomba radhi hata nikikanyagwa mimi. Kwenye kikao cha walimu nilimeza maneno mpaka chai ikapoa. Siku ya kwanza tulipoambiwa tutoe kiai, ile sauti ya kutoka tumboni, nilitoa sauti kama ya paka aliyebanwa na mlango. Vijana wakacheka, nami nikacheka. Ilinichukua karibu miezi mitatu sauti yangu kutoka, na siku ilipotoka niliogopa mwenyewe. Leo mkuu wangu wa shule anajua kwamba nikisema hapana, ni hapana. Hilo sikulipata kwenye semina yoyote ya walimu.

Nilipanda mkanda baada ya mkanda bila kurudia hata mmoja, hadi kahawia. Desemba 2023 nikaitwa kwenye mtihani wa mkanda mweusi. Watahini walikuwa watatu, wametoka Dar es Salaam, wamekaa nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe. Kihon, yaani misingi ya kupiga na kuzuia, nilipita. Kwenye kata, ule mfululizo wa mapigo unaoufanya peke yako, nilifanya uitwao Bassai Dai, na mmoja wao, yule mzee, nilimwona akiinamisha kichwa taratibu kama anayekubali. Ikaja kumite, kupambana na mwenzako. Nikapangiwa kijana wa umri wa mwanangu mkubwa. Mama, niligeuka mti. Nilizuia kila kilichokuja, nikarudi nyuma, nikazunguka, lakini mwenyewe sikupiga. Naona kabisa kifua kiko wazi, mkono unaondoka, unakatika njiani. Mtahini akaniambia kwa sauti, "Shambulia!" Nikashindwa.

Nikarudi mazoezini. Nikaongeza kukimbia asubuhi kuelekea Raskazone kabla ya kwenda shule. Julai 2024 nilikula teke la mbavu, nikapumua kwa shida wiki mbili. Jioni ileile nilisonga ugali wala sikumwambia mtu. Desemba nikaingia tena kwenye mtihani. Safari hii nilijisukuma nikapiga. Ngumi yangu ikamgusa mwenzangu mdomoni, ikatoka damu, tone tu. Nikasema samahani, nikasahau kama nimo kwenye mtihani, nikamshika bega nikamwangalia mdomo. Ukumbi mzima ukacheka. Tulipoambiwa tuendelee, sikurusha tena kitu hadi muda ukaisha.

Siku hiyohiyo alipita binti wa miaka 19. Alikuja kwetu 2021 amejifunga mkanda kama kanga ya jikoni, na mimi ndiye niliyepiga magoti nikamwonyesha fundo. Sasa tukipanga mstari yeye yuko juu yangu. Akisimama mbele kutupasha misuli, mimi naitikia. Bado ananiita mama, bado ananipokea mkoba, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kuna Jumatano niliingia chooni nikalia, kisha nikanawa uso nikarudi kwenye mstari.

Sasa mwalimu mmoja wa klabu nyingine, mji mwingine, amenipigia simu. Ana semina ya siku mbili, shilingi 300,000, unatoka na cheti na mkanda mweusi, na kwa waliovuka miaka 35 kumite si lazima. Ananiambia, "Wewe tayari ni mweusi, unakosa karatasi tu." Sensei wangu naye anasema mtihani ni Novemba, nimjibu kabla ya mwisho wa mwezi kama jina langu liende. Mume wangu anasema, "Hata wakikupa huo mkanda, utampiga nani?"

Nimejikubali kwamba mimi ni mwoga, naogopa kupigwa, na mwoga dojo, ukumbi wa mazoezi, si mahali pake. Nilijaribu kujitetea kwa sensei, nikamwambia hata Funakoshi, aliyeieneza karate Japani, alisema kwenye karate hakuna kuanza kushambulia. Akacheka: "Hilo ni la barabarani, mwalimu. Humu ndani anayekungoja umpige ni mwenzako." Sikumwelewa.

Nijaribu mara ya tatu niaibike mbele ya watoto, nichukue ule wa semina, au niache kwa heshima? Shuleni nako wananitania. Mimi ni mwalimu peke yangu asiyeshika kiboko, tangu 2014, basi wanasema, "Mkanda wa kahawia, lakini hata mtoto wa darasa la pili hamgusi."

Mkanda wa Kahawia, Tanga


JIBU

Marahaba, mwanangu. Pale pa paka nilicheka, naomba radhi. Kwingine kote sikucheka.

Barua yako niliposoma mara ya kwanza nilidhani inahusu mtihani. Mara ya pili nikadhani inamhusu yule binti. Mara ya tatu nikachukua kalamu, nikapigia mstari sehemu tatu. Mbili nitazisema sasa. Ya tatu niachie mwishoni.

Unaniambia hivi: miaka yote hii umefanya kazi ambayo wengi wa rika lako hawajaithubutu, imekupa sauti, na sasa imekufikisha kwenye mlango mmoja usiofunguka. Umeugonga mara mbili. Mtoto uliyemshika mkono amepita. Mtu mwingine anakuonyesha dirisha, kwa shilingi 300,000. Na nyumbani wanauliza ndani kuna nini hasa. Kama nimekosea, nisahihishe, wewe ndiye mwalimu.

Mimi karate nilikuwa naijua kwa kanda za video tu, watu wanaruka juu ya paa. Kwa hiyo kabla ya kukujibu niliomba ruhusa nikakaa jioni mbili kwenye dojo moja jirani na kwangu. Wakaniletea kiti cha plastiki na soda. Nikawatazama wakifanya kumite ile ya kupangwa: anayeshambulia anataja kwanza atapiga wapi, jodan ni usoni, chudan ni kifuani, kisha anaingia mara moja, na mwenzake anazuia na kujibu. Kulikuwa na dada mmoja mpole, mikono mirefu. Alitaja jodan kwa sauti nzuri, akaingia vizuri, na ngumi yake ikapita kando ya sikio la mwenzake, shibiri nzima pembeni. Ya pili vilevile. Mwalimu wao akasimamisha darasa. "Unampiga nani? Yule mama aliyekaa kwenye kiti?" Mimi huyo. Tukacheka wote. Kisha akasema jambo ambalo niliomba anirudie ili niliandike: "Ukipiga pembeni, mwenzako anazuia hewa. Anaondoka hapa anaamini anajua kuzuia. Umemdanganya, na siku atakapojua kwamba ulimdanganya, wewe hutakuwepo."

Dakika kumi baadaye alimtoa kijana mmoja nje ya mstari kwa sababu ngumi yake ilifika usoni kwa nguvu zote. Nikamuuliza wakati wa kupumzika, sasa mwataka watu wapige au wasipige? Akanijibu kwamba wale wawili kosa lao ni moja. Hakuna kati yao anayejua mkono wake unaishia wapi.

Nikafikiri sensei wako alikuwa anakwambia hilohilo. Anayekungoja umpige ni mwenzako: ameinama, amesimama mbele yako, anataka ngumi ya kweli inayosimama mahali pake, ili mikono yake ijifunze. Ukimnyima, unadhani umemhurumia. Huenda ndivyo. Lakini muulize mwenyewe kama anaiona huruma hiyo.

Nikupe la kwangu kidogo. Nilikuwa muuguzi miaka 31. Nilipokuwa mwanafunzi sikuweza kuchoma sindano. Chungwa nililichoma vizuri, maana tulifundishwa kwa machungwa, mtu, hapana. Nilikuwa nagusa ngozi, nasita, nasukuma nusu, natoa. Mzee mmoja wa Kipare aliyekuwa amelazwa akanishika mkono akaniambia, "Binti, mara tatu umenichoma na dawa bado iko kwako." Nilikuwa namhurumia, naye ndiye aliyekuwa anaumia kwa huruma yangu. Ngumi si sindano, najua. Ila kule kukatika kwa mkono njiani nakujua.

Sasa sehemu ya kwanza niliyopigia mstari. Unasema unaogopa kupigwa. Mwanangu, mtu anayeogopa kupigwa hali teke la mbavu Julai, akasonga ugali jioni, akarudi Jumatatu. Katika mtihani wa kwanza, kwa maelezo yako mwenyewe, ulizuia kila kilichokuja. Hukukimbia wala kufumba macho. Sehemu ya pili ni samahani. Kilichokusimamisha Desemba iliyopita ni damu ya mwenzako. Yako haikuwahi kukusimamisha. Ulishika bega lake mbele ya watahini watatu. Sisemi najua yaliyo moyoni mwako, barua moja haitoshi. Nakuuliza tu: una hakika ni woga wa kupigwa? Maana kama ni kitu kingine, basi miezi yote hii umekuwa ukitibu goti na kidonda kiko begani. Kukimbia Raskazone kulikuongezea pumzi, na pumzi haikuwahi kuwa tatizo lako.

Wala sitaki uone kwamba mkono unaokatika njiani ni ugonjwa. Wapo watu wengi humu nchini ambao tungewaombea wapate mkono kama huo, hasa siku za mishahara.

Umemtaja Funakoshi. Nilimsoma kidogo baada ya barua yako, nikakuta kitu ambacho pengine sensei hakuwahi kukisema: Gichin Funakoshi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kama wewe, huko Okinawa, kwa takriban miaka 30. Utotoni alikuwa dhaifu wa mwili. Alipokwenda Tokyo kuionyesha karate mwaka 1922 alikuwa ameshavuka miaka 50. Na ni kweli alifundisha kwamba katika karate hakuna kuanza kushambulia. Lakini mtu huyohuyo aliwafundisha vijana kupiga, kila siku, miaka yote. Huenda mtu anayejua kupiga ndiye anayeweza kuamua kutopiga, na asiyejua hajaamua chochote. Huenda. Hapo nakuachia, maana wewe umo ndani na mimi niko kwenye kiti cha plastiki.

Hata hii mikanda, niliona, karate iliiazima kwa judo. Funakoshi alitoa dan zake za kwanza, yaani ngazi za mkanda mweusi, 1924. Kabla ya hapo Waokinawa walifundishana bila ngazi za mikanda, na hakuna aliyelia chooni kwa sababu ya rangi ya kitambaa. Naamini walilia kwa mengine. Sitakuambia kwamba shodan, dan ya kwanza, maana yake ni mwanzo tu. Utakuwa umeshaambiwa mara mia, na anayekosa kitu hafarijiki kwa kuambiwa kitu chenyewe ni kidogo.

Nilijiuliza pia kama watahini wanakuonea. Si jambo geni. Kwenye judo alikuwepo mama mmoja wa Kijapani, Keiko Fukuda, mwanafunzi wa mwanzilishi wa judo mwenyewe, Jigoro Kano, aliyeachwa kwenye dan ya tano tangu 1953 hadi 1972 kwa kuwa tu ni mwanamke na ngazi za juu hazikuwa za wanawake. Alifika dan ya kumi mwaka 2011, akiwa na miaka 98. Kwako sioni dalili hiyo: kihon wamekupa, kata wamekupa, na mwanamke mwingine wamempitisha siku hiyohiyo. Hata hivyo unayo haki ya kumuomba sensei akusomee maelezo ya watahini, neno kwa neno. Umesema ulifeli, hukusema waliandika nini.

Tuje kwa binti. Wivu ni wivu, tusiupake rangi. Kulia chooni kisha ukarudi kwenye mstari si jambo la kuonea haya. Lakini hilo neno "amenipita" nalitilia shaka. Wewe una miaka mingi kwenye ubao, wangapi wamekupita? Wapo waliokuwa hawajui kushika penseli na leo wanakuandikia dawa hospitali. Hao hukuwalilia. Nadhani huyu anauma kwa sababu mko uwanja mmoja, na kwa sababu ana kile unachokikosa, yaani mkono usioomba ruhusa. Na hapa nina swali: mmewahi kupambana, wewe na yeye, kwa dhati? Anakuita mama, anakupokea mkoba. Sitashangaa kama naye anakupigia hewa.

Semina sasa. Yule mwalimu simjui, wala sitamwita tapeli. Kumwondolea kumite mtu mwenye umri fulani si dhambi yenyewe; mwili una mipaka yake, na klabu ikiweka sharti hilo wazi, ni lao. Lakini wewe hukuniambia mwili wako umegoma. Na tazama faida aliyoiona kwako: amekupigia simu baada ya wewe kufeli. Kama utafikiria kwenda, muulize mawili. Cheti hicho kinatambuliwa na nani nje ya klabu yake? Na je, unaweza kwenda kutazama mazoezi yao siku ya kawaida, isiyo ya semina? Akikukaribisha kwa moyo mkunjufu, vizuri. Akianza kukueleza habari za punguzo, umepata jibu. Hatari ninayoiona mimi haiko kwenye fedha. Jumatatu utaingia dojo lako na mkanda huo, sensei hatasema kitu, binti atakuinamia, na mtoto wa mkanda mweupe atakuomba umfundishe kumite. Utamwambiaje? Labda utakuwa na jibu. Upo pia uwezekano kwamba unauhitaji mkanda kwa kazi fulani, tuseme kuanzisha darasa la wasichana shuleni, na mkuu anataka karatasi. Kama ni hivyo ungeniambia, na mazungumzo yangebadilika.

Novemba. Ukienda na mkono uleule, yumkini utapata matokeo yaleyale, na mara ya tatu inauma kuliko ya pili. Ukitaka kwenda, basi muda uliobaki uwe wa hicho tu. Yule mwalimu wa dojo la jirani alinionyesha anavyofanya na wanaosita: dakika mbili mmoja ni wa kushambulia tu, mwingine ni wa kuzuia tu, bila kubadilishana, na anayeshambulia haruhusiwi kusema samahani mpaka wainamiane mwishoni. Kwanza kwenye pedi, kisha kwenye kinga ya kifua, kisha mtu. Alisema siku za mwanzo watu wengine hutokwa machozi, na si kwa kuumia. Mwambie sensei wako. Yeye anakujua, mimi sikujui. Na kicheko cha Desemba, je, una hakika ulichekwa? Nikifikiria mwalimu wa shule ya msingi anayesimamisha mtihani wa mkanda mweusi kumkagua kijana mdomo, na mimi ningecheka, na ningekupenda.

Lipo jambo la nne ambalo hukuliandika. Usipeleke jina mwaka huu, na usiache. Mwambie sensei Novemba si yangu, naendelea. Hatari yake ni kwamba subira na kujificha vinafanana sana kwa nje. Mimi ningejipima hivi: ikitangazwa kumite Jumatatu, nasogea mbele, au nakwenda kujaza chupa ya maji?

Kuacha nako kupo. Ulichopata hakirudishwi kwa sensei pamoja na mkanda. Mkuu wako wa shule ataendelea kukuogopa. Lakini umeandika "kuacha kwa heshima", na nilijiuliza ni heshima ya nani unayoilinda, maana katika barua nzima sijaona mtu aliyekuvunjia heshima isipokuwa wale wa ofisi ya walimu. Mtu anaacha vizuri akiwa amechoka, au amepata kingine anachokipenda. Akiacha kwa sababu ya kicheko, kicheko hicho kinamfuata mpaka nyumbani.

Mume wako ameuliza, "Utampiga nani?" Najua alivyouliza, na najua ulivyosikia. Lakini chukua swali lake ulivue ile dharau, uliangalie. Kati ya wote waliokushauri, pamoja na mimi, yeye peke yake ndiye aliyeuliza ni nani wa kupigwa. Jioni moja mjibu kweli, hata kama jibu ni "sijui". Mwombe aje akae kwenye lile benchi.

Nimebakiza sehemu ya tatu. Ni mwaka. Umeandika hushiki kiboko tangu 2014. Hukuandika "sijawahi". Umeiweka mwisho kabisa, katikati ya utani wa walimu, kama mtu anayeweka kitu mezani akijifanya amekisahau. Pengine hakuna kitu hapo. Ulihama shule, ulisoma jambo, ulichoka. Pengine mwaka huo mkono wako ulifika mahali, ukauapiza usifike tena. Kama ni hivyo, mkono wako unatii vizuri sana, na hakuna aliyeuambia kwamba kijana mwenye mkanda, aliyekuinamia na kukusubiri, si mtoto aliyesimama mbele ya ubao. Sensei hana haja ya kuyajua yote hayo. Mtu mmoja unayemwamini angetosha, na kama huna wa karibu, niandikie mimi. Barua hiyo sitaichapa.